Njiwa Shambani: Soma Somo Hili Kabla ya Kutafuta Bunduki

Ukisha kuuza ndizi zako au maembe yako Marikiti hapa Mombasa, huenda ukatafuta kivuli upande wa Makadara, ungoje gari la kurudi nyumbani. Ukikaa hapo utawaona njiwa wakiokota punje chini, na kunguru wakipiga kelele juu ya miti. Mtu wa mjini huwatazama njiwa akaburudika. Wewe uliyepanda mahindi na pojo juma lililopita huwatazama ukakumbuka mbegu zako. Na katika mazungumzo ya kivulini hakosekani mtu wa kusema, "Dawa ya njiwa ni bunduki. Tena ziko zile zinazojijaza zenyewe; unapiga tatu kabla ndege hajajua kumetokea nini."

Maneno hayo yanavuta, hasa kwa mtu aliyeamka asubuhi akakuta mashimo matupu. Lakini bunduki ni ghali, ina sheria zake, nayo haina huruma kwa aliyekosea. Kwa hivyo katika somo la mwezi huu tutaeleza bunduki hiyo ni kitu gani, anayeruhusiwa kuwa nayo huichagua namna gani, sheria ya Kenya inasema nini, na kama kweli inapunguza njiwa. Mwisho tutaeleza kazi unazoweza kuzifanya shambani kwako wewe, iwe shamba liko Shimba Hills, Mtwapa, Tezo-Roka au kwingineko.

BUNDUKI YA MARISAU

Mtaa wa Makadara wenyewe una habari za bunduki. Jamaa nyingi za Wabaluchi wa hapo ni wazao wa askari waliowatumikia masultani wa Oman na wa Unguja, na kulinda Ngome ya Yesu iliyo karibu. Askari wa zamani walichukua bunduki za mrao. Baruti ilimiminwa mdomoni, risasi ikashindiliwa kwa ufito, kisha utambi unaowaka ukaiwasha baruti. Aliyekwisha piga mara moja ilimpasa aanze kazi yote upya.

Bunduki ya ndege ni ya namna nyingine. Haitoi risasi moja, bali hutoa marisau, yaani punje ndogo nyingi zinazotawanyika. Unene wa tundu la kasiba hutajwa kwa namba, na namba 12 ndiyo ya kawaida. Tundu lake ni kama milimita 18 na nusu. Namba hiyo inatokana na hesabu ya kale: ukiigawa ratili moja ya madini ya risasi katika tufe 12 zilizo sawa, tufe moja huenea katika tundu hilo. Ndiyo maana bunduki namba 20 ina tundu jembamba kuliko namba 12, ingawa kwa kuhesabu 20 ni kubwa.

Risasi moja ya kupigia njiwa huwa na marisau ya uzito wa gramu 28 hadi 32. Katika gramu 28 za marisau namba 6, kwa kipimo cha Kiingereza, mna punje kama 270. Mpigaji mwema hapigi ndege aliye mbali zaidi ya mita 35 au 40, kwa sababu kupita hapo marisau yametawanyika mno, na ndege hujeruhiwa tu akaenda kufia mbali. Lakini angalia jambo hili: marisau hayasimami penye mita 40. Yakipigwa kwenda juu yanaweza kuanguka zaidi ya mita 200 kutoka aliposimama mpigaji. Sasa simama mlangoni kwako upige hatua 200 kila upande. Ni nyumba ngapi za majirani utakuwa umezipita?

INAYOJIJAZA NA YA KASIBA MBILI

Bunduki ya marisau ya kwanza ya kujijaza iliyofanikiwa ilibuniwa na Mmarekani John Browning. Kiwanda cha FN cha Ubelgiji kilianza kuiunda mwaka 1902, nayo ikaitwa Auto-5 kwa kuwa ilichukua risasi tano. Unapovuta kilimi, risasi moja hulia. Nguvu ya mlio huo huo hulitupa ganda tupu nje, na risasi nyingine huingia mahali pake. Ukivuta kilimi tena, hulia tena.

Ziko njia tatu za kufanya kazi hiyo:

1. Kasiba yenyewe hurudi nyuma na kuusukuma mtambo. Hii ndiyo njia ya Auto-5.

2. Sehemu ya moshi wa baruti hupita katika tundu dogo la kasiba na kuusukuma mtambo. Remington 1100, iliyotoka mwaka 1963, ni ya namna hii. Teke lake begani ni la upole, lakini masizi ya baruti hujaa ndani, na isiposafishwa hukwama.

3. Bunduki nzima inaporudi nyuma kwa teke, chuma kizito kilicho ndani hukawia, kikabana springi, na springi ndiyo inayoendesha mtambo. Kiwanda cha Benelli cha Italia kinajulikana kwa njia hii. Ndani hubaki safi zaidi, lakini teke lake ni kali.

Bunduki ya kasiba mbili haina mambo hayo yote. Huvunjwa katikati, hutiwa risasi mbili kwa mkono, hufungwa na hupigwa. Ukitazama kasi tu, utasema inayojijaza imeshinda. Lakini kuna tofauti moja iliyo kubwa kuliko kasi. Ya kasiba mbili ikivunjwa, kila mtu aliye karibu huona matundu mawili kama yamejaa au ni matupu. Inayojijaza haionyeshi ndani yake kwa urahisi. Tena ikiisha kulia, imekwisha kujijaza tena papo hapo. Mwenyewe akisahau akaiweka chini ili aokote ndege, ameacha bunduki iliyo tayari kuua. Katika nyumba yenye watoto, tofauti hiyo ndiyo ya kufikiriwa kwanza.

ANAYERUHUSIWA HUCHAGUAJE?

Huko Uingereza mkulima mwenye cheti huruhusiwa kupiga njiwa wa porini wanaoharibu mazao yake, kwa masharti yaliyowekwa na serikali. Wengine hutumia bunduki inayojijaza. Lakini hata huko, tangu sheria ya mwaka 1988, yenye kuhifadhi risasi zaidi ya mbili katika ghala lake haishikwi kwa cheti cha kawaida cha bunduki ya marisau. Mbili ghalani na moja ndani ya kasiba, basi. Jumla ni tatu.

Mwenye kuchagua huko huangalia mambo haya:

Kwanza, bunduki imwenee mwili. Akiiinua haraka, tako likae begani bila kukwama, na jicho lije moja kwa moja juu ya kasiba. Bunduki ndefu kuliko mkono wake itampotezea risasi nyingi.

Pili, uzito. Nyingi ni kilo 3 hadi 3 na nusu. Nyepesi haimchoshi anayetembea, lakini teke lake huumiza. Nzito hutulia begani.

Tatu, upande wa kutupa maganda. Nyingi hutupa kulia, na mwenye kutumia mkono wa kushoto hupitishiwa ganda la moto mbele ya uso wake. Yeye hutafuta iliyoundwa kwa ajili ya mkono wake.

Nne, mdomo wa kasiba. Mdomo uliobanwa sana hukusanya marisau kwa ndege wa mbali. Uliobanwa kidogo huwafaa njiwa wa karibu.

Tano, usafi. Mtambo wenye vyuma vingi unataka kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya kazi. Sisi watu wa pwani tunajua hewa ya chumvi inavyofanya panga lililosahauliwa nje usiku mmoja. Bunduki haina tofauti na panga hilo.

SHERIA YA KENYA

Sasa turudi kwetu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hivyo soma pole pole.

Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwezi wa Mei mwaka 1977. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inasema wazi kwamba kuwinda kwa ajili ya mchezo ni kosa. Mambo ya wanyama na ndege wa mwitu yamo mikononi mwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, yaani KWS. Tetere, ninga na pugi wa porini ni ndege wa mwitu kama wengine.

Bunduki nayo ina sheria yake, Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Hapana mtu anayeruhusiwa kuwa na bunduki wala risasi bila cheti. Mwombaji huchunguzwa: ni mtu wa namna gani, ana sababu gani ya haki, na ataiweka wapi. Cheti kinaweza kukataliwa, na kilichotolewa kinaweza kufutwa.

Shika sana jambo hili: cheti cha bunduki si ruhusa ya kupiga ndege. Ni mambo mawili mbalimbali. Mtu anaweza kuwa na cheti halali cha kulinda nyumba yake, na bado akashitakiwa kwa kupiga ndege wa mwitu. Na anayenunua bunduki gizani kwa mtu asiyemjua, bila cheti, amenunua kifungo. Shamba lako la skimu ulilipata kwa taabu, na labda ulililipia miaka mingi. Usilihatarishe kwa ajili ya tetere.

Njiwa wa mjini wana habari nyingine. Wengi wa Mji wa Kale ni njiwa wa kufugwa au wazao wao, na wana watu wanaowalisha. Njiwa wa kufugwa ni mali ya mtu, kama kuku wake.

JE, BUNDUKI HUPUNGUZA NJIWA?

Tuseme sheria ingekuruhusu. Je, ungepata faida? Jambo hili limepimwa, na matokeo yake yanafaa kujulikana na kila mkulima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, njiwa wa porini waliwasumbua sana wakulima wa Uingereza. Serikali ikasaidia kulipa bei ya risasi, na watu wengi wakatoka pamoja wakati wa baridi kuwapiga njiwa wanaporudi kulala mitini. Ikaonekana kuwa kazi nzuri, kwa maana walianguka wengi. Kisha mtaalamu mmoja wa ndege, R. K. Murton, na wenzake wakawahesabu njiwa wa sehemu moja ya Cambridgeshire mwaka baada ya mwaka. Wakaona kwamba idadi yao haikupungua kwa sababu ya bunduki. Njiwa waliopigwa walikuwa kama wale wale ambao wangekufa kwa njaa wakati wa baridi; walipoondolewa, waliobaki walipata chakula zaidi wakapona. Habari kamili za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 1974.

Kwa nini ni hivyo? Kwa sababu kinachoamua idadi ya njiwa ni chakula. Njiwa hutaga mayai mawili kwa kawaida, na katika nchi zetu za joto anaweza kutaga karibu mwaka mzima. Ukiwaua kumi ukaacha punje zimetapakaa chini, umewaandalia wengine kumi karamu. Bunduki inaweza kuwafukuza kwa saa chache, lakini debe likipigwa linawafukuza vile vile, tena debe halina cheti.

Watazame pia kunguru wa Makadara. Hao ni kunguru wa Bara Hindi walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani yote. Huiba vifaranga na mayai, na huwafukuza ndege wa kwetu. Serikali ya Kenya ilipotangaza mwaka 2024 mpango wa kuwapunguza, haikugawa bunduki mitaani. Kazi ilikusudiwa kufanywa na wataalamu, kwa sumu maalumu na kwa uangalizi. Ikiwa kwa kunguru, adui wa wazi, bunduki haikuonekana kuwa dawa, kwa tetere itakuwaje?

HESABU YA EKARI MOJA

Chukua kalamu. Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari moja ina mashimo karibu 18,000. Tuseme umetumia kilo 10 za mbegu, na ndege wameharibu shimo moja katika kila mashimo kumi. Umepoteza mashimo 1,800 na kilo moja ya mbegu. Kurudishia mashimo hayo ni kazi ya asubuhi moja au mbili kwa watu wa nyumbani, ikiwa mtaifanya mapema kabla mahindi ya kwanza hayajarefuka na kuyatia kivuli yale ya nyuma.

Hasara hiyo inauma, hatusemi kwamba haiumi. Lakini iweke upande mmoja wa mizani, na upande wa pili weka bei ya bunduki, ada ya cheti, kabati la chuma la kuifungia, na risasi zinazokwisha. Fedha hizo zingenunua mbegu nzuri kwa misimu mingi, na mbolea juu yake.

KAZI ZINAZOFAA

1. Fukia mbegu vizuri. Njiwa hafukui kwa miguu kama kuku. Huokota kilicho juu ya udongo au kilichofichwa kidogo tu. Mbegu ya mahindi iliyokwenda chini sentimita 5, ikafunikwa na kukanyagwa kidogo, haipati kwa urahisi. Mbegu zilizomwagika kando ya mashimo ndizo zinazomwita. Ziokote.

2. Pandeni pamoja. Ikiwa jirani wote wamepanda juma moja mvua za masika zinapoanza, ndege hujigawa katika mashamba yote. Mwenye kupanda peke yake, mapema au kwa kuchelewa, huwalisha ndege wa skimu nzima.

3. Amia kwa saa zinazostahili. Ndege hula sana tangu alfajiri hadi kama saa tatu asubuhi, na tena tangu saa kumi alasiri hadi jua kuchwa. Siku kumi za kwanza baada ya kupanda ndizo za hatari kwa mbegu na miche, hasa ya kunde na pojo, ambayo majani yake machanga hukatwa. Kwa mtama na mpunga, hatari hurudi punje zinapoingia maziwa. Wazee wetu walijenga dungu, mtu akakaa juu na teo lake na kamba za kuvuta madebe. Jambo hilo halijapitwa na wakati. Gawaneni zamu nyumba kwa nyumba, ili watoto wasikose shule.

4. Badilisha vitisho. Sanamu ya matambara hufaa siku tatu au nne, kisha ndege huizoea wakatua begani mwake. Ihamishe kila siku ya pili. Changanya na kanda za kung'aa zinazovuma kwa upepo, na madebe. Kitisho kisichobadilika ni pambo.

5. Vuna mara yakomaapo, wala usiache nafaka zikauke chini bila mlinzi. Baada ya kupura, fagia uwanja. Punje za uwanjani leo ndizo zinazolea makinda ya msimu ujao.

6. Ukiona kundi kubwa la kwelea kwelea kwenye mtama au mpunga, usijaribu peke yako. Mpelekee habari mara moja Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako, kwa kuwa hao hupigwa vita na serikali kwa vyombo maalumu.

JAMBO LA KUOGOPA KULIKO BUNDUKI

Wako watu ambao wakikosa bunduki hukimbilia sumu. Huchanganya punje na dawa ya wadudu, wakazitawanya. Ndugu mkulima, usifanye hivyo kamwe. Sumu haichagui: humuua njiwa, kuku wako, mbwa wa jirani, na tai aliyemla njiwa. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, imewahi kuonekana ndege waliouawa kwa dawa ya wadudu wakiuzwa kama kitoweo. Anayetega sumu hajui itaishia katika chungu cha nani.

MASWALI YA KUJIPIMA

Ukiwa na wenzako katika mkutano wa skimu, jaribuni kujibu maswali haya:

1. Kwa nini bunduki inayojijaza ni ya hatari zaidi ikiwekwa chini kuliko ya kasiba mbili iliyovunjwa?

2. Je, mwenye cheti cha bunduki anaruhusiwa kwa cheti hicho kupiga tetere shambani kwake?

3. Njiwa wa Uingereza hawakupungua ingawa walipigwa wengi. Sababu ilikuwa nini?

4. Shambani kwako, punje za bure huwa wapi: njiani, uwanjani, au kando ya mashimo? Nani nyumbani kwako ataziokota?

Swali la nne ndilo kubwa kuliko yote, na jibu lake halimo katika gazeti hili. Lijibu kwa kutembea shambani kesho alfajiri, kabla njiwa hawajafika.